Jinsi ya Kuachana na Jirani: Mwongozo kwa Bamba Lisilo na Haraka

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mabamba ya gamba la dunia, wale vigogo wa mwamba wenye unene wa kilomita 100 hivi, wanaobeba mabara na bahari mgongoni na kuendesha migogoro yao ya mipaka bila mpima ardhi wala wakili. Makubwa ni saba au nane, kutegemea anayehesabu. Madogo ni mengi, na hayakosi kelele. Ikiwa wewe si bamba bali ni binadamu uliyeokota gazeti hili mezani kwa mwenzio, soma tu. Sehemu yako iko mwishoni, ingawa hutaipenda.

KABLA HUJAANZA

Kwanza kubali kwamba huwezi kutulia. Mwamba ulio chini yako una joto na unajongea polepole, ukingo wako mmoja unavutwa na mwingine unasukumwa, na kila mwaka utajikuta umesogea milimita au sentimita kadhaa, utake usitake. Na kwa kuwa dunia haiongezeki ukubwa, huwezi kusogea bila kumgusa jirani.

Mkigusana, mna mambo matatu tu ya kufanya: kugongana, kusuguana au kuachana. Mwanajiolojia wa Kanada, J. Tuzo Wilson, aliikamilisha orodha hiyo mwaka 1965 alipoieleza mipaka ya kusuguana, na tangu hapo hakuna aliyeleta la nne. Usijifanye mbunifu.

Wala usiogope kuonekana. Mjerumani Alfred Wegener alitangaza tangu mwaka 1912 kwamba mabara yanahama. Wasomi wenzake wakamuuliza yanasukumwa na nini, jibu lake halikuwaridhisha, na mwaka 1930 akafia kwenye barafu ya Greenland wengi wao wakiwa bado hawajamwamini. Ubishi ulikuja kuisha miaka ya 1960, walipoipima sakafu ya bahari na kukuta inazaliwa upya katikati na kusogea pembeni. Ikiwa bara zima linaweza kuhama mbele ya maprofesa kwa nusu karne na wao wakabisha, wewe una hofu gani?

NJIA YA KWANZA: KUGONGANA

Hii inalifaa bamba linalopenda sifa. Anza kwa kujipima uzito. Mwamba wa sakafu ya bahari ni mzito kuliko wa bara, na kadiri unavyozeeka ndivyo unavyopoa na kuzidi kuwa mzito. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Huku chini mzito ndiye anayempisha mwepesi, tena kwa kupita uvunguni mwake. Kama wewe ni sakafu ya bahari na umekutana na bara, inama uzame.

Ukizama, ondoka na maji yako. Ukifika kina cha kilomita 100 hivi, joto na mgandamizo vitayakamua, nayo yatapenya kwenye mwamba wa moto ulio juu yako na kuufanya uyeyuke kwa urahisi zaidi. Kilichoyeyuka kitapanda juu, na jirani yako ataamka siku moja na safu nzima ya volkano ambayo hakuiagiza. Ndivyo bamba la Nazca lilivyoifanyia Amerika Kusini, na hivyo Andes ikapata volkano zake.

Usizame kwa ulaini. Ng'ang'ania. Shika ukingo wa jirani umkunje kwa miaka mia au zaidi, kisha siku ya kuachia uachie kwa mara moja. Nazca liliachia Chile tarehe 22 Mei 1960, na mashine zikasoma 9.5, tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Tarehe 26 Desemba 2004 mpaka wa Sumatra uliachia kwa urefu wa kilomita 1,300 hivi. Sakafu ya bahari ikainuka na kuyainua maji, na mawimbi yakaua zaidi ya watu 200,000. Somalia, kilomita elfu kadhaa kutoka hapo, ilifikiwa baada ya saa saba hivi na ikapoteza watu wapatao 300. Kenya na Tanzania nako wapo waliokufa. Wakazi wa pwani yetu, ambao siku zote walidhani mambo ya mabamba ni ya Wajapani na Waindonesia, walijifunza siku hiyo kwamba ugomvi wa mpaka wa mtu mwingine unaweza kukubishia hodi ufukweni.

Je, mkigongana bara kwa bara? Hapo hakuna mzito, kwa hiyo hakuna wa kuzama vizuri. Mtakunjana tu. India iliigonga Asia miaka milioni 50 hivi iliyopita na mpaka leo haijaacha kusukuma. Matokeo yake ni Himalaya. Palikuwa na bahari kati ya hao wawili, na anayebisha apelekwe kileleni Everest, mita 8,849 juu ya bahari, akaone mwamba wa chokaa wenye mabaki ya viumbe vya baharini. Akishuka atakuwa na la kusema, kama atakuwa bado na pumzi.

Kuna na mabamba yaliyokosa adabu kabisa. Kule Oman, kipande cha sakafu ya bahari kilitakiwa kuzama kama kanuni inavyotaka, kikakataa, kikapanda juu ya bara na kukaa hapo tangu zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita. Ndugu zetu wa Muscat wanaokwenda kubarizi kwenye mabonde ya Samail siku za mapumziko wanatandika mkeka juu ya mwamba uliopaswa kuwa chini ya bahari, kilomita kadhaa chini ya sakafu yake. Wanajiolojia husafiri kutoka pande zote za dunia kuja kuugonga kwa nyundo. Ndugu zetu wanaugeuza mahali pa kuchomea mishikaki.

NJIA YA PILI: KUSUGUANA

Hii ni ya wasiotaka kupata wala kupoteza. Hakuna ardhi mpya inayozaliwa, hakuna inayozama. Mnapishana ubavu kwa ubavu, mmoja akielekea huku na mwingine kule, mkikwaruzana kwa urefu wote wa mpaka. Faida haionekani kwa macho, lakini kwa kuleta kesi za ardhi haina mfano.

Chukua ufa wa San Andreas huko California, wenye urefu wa kilomita 1,300 hivi, ambapo bamba la Pasifiki linapishana na la Amerika Kaskazini. Tarehe 18 Aprili 1906 uliachia sehemu yake ya kaskazini. San Francisco ilitikisika, kisha ikaungua kwa siku kadhaa. Lakini nenda karibu na Olema, kaskazini mwa mji huo, kwenye uzio wa shamba uliokuwa umelivuka ufa. Ulikatika, na kipande kimoja kikasogea takriban mita 5 kutoka kwa mwenzake. Kila kipande kilikuwa bado kimenyooka, nguzo zake wima, kama siku kilipojengwa.

Hebu mpelekee mwenyekiti wa baraza la ardhi la kata shauri hilo. Mlalamikaji hajang'oa nguzo. Mlalamikiwa hajang'oa nguzo. Mashahidi wote wanaapa kwamba uzio ulikuwa mmoja. Mjumbe wa nyumba kumi anakumbuka alikuwepo bikoni zilipopandwa. Baraza likitoka kwenda kuangalia eneo, litakuta ushahidi wa pande zote mbili ni wa kweli, na mvamizi ni bara.

Kama unapenda fujo za namna hii, San Andreas ni mwalimu mzuri. Ila fahamu kwamba kusuguana kwa mamilioni ya miaka hakutakupa bahari mpya.

NJIA YA TATU: KUACHANA

Hii ndiyo tunayoipendekeza. Haihitaji nguvu nyingi, inaacha mandhari ya kuuzia watalii, na mwisho wake, ukivumilia, ni bahari yenye jina lako. Mfano bora unaendelea sasa hivi Afrika Mashariki, ambapo bamba la Somalia linaliaga bamba la Nubia, yaani Afrika iliyobaki. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Pata joto. Bara likiwa baridi halipasuki, linakutazama tu. Unahitaji mwamba wa moto ukupandie kutoka chini, uinue ardhi na kuilainisha. Chini ya Afrika Mashariki upo mwingi. Miaka milioni 30 hivi iliyopita uliimwagia Ethiopia lava mpaka ikajenga nyanda za juu. Wakimbiaji wa Ethiopia na wa Iten, Kenya, wanaozoa medali hujifua kwenye hewa nyepesi juu ya ardhi iliyoinuliwa na joto hilo. Bamba halijawahi kualikwa jukwaani.

Hatua ya 2: Usishindane na mzee. Ukishuka kusini utakutana na jabali la katikati ya Tanzania, ambalo sehemu zake zina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, nene na baridi. Mwanza unaweza kuliona kwa macho, yale mawe yaliyobebana kando ya ziwa. Ufa wetu ulipolifikia haukulipasua. Ulimpisha mzee kwa adabu ukagawanyika: mkono mmoja ukapita mashariki kwa Turkana, Baringo, Nakuru, Naivasha, Natron na Manyara, mwingine ukapita magharibi kwa Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa na Nyasa. Kipande kilichobaki katikati kimekuwa bamba dogo la Victoria, na vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba linazunguka taratibu kinyume cha mshale wa saa. Ndivyo walivyo wanaokaliwa pande zote mbili na wagomvi; nao huanza kugeuka.

Ziwa Victoria lenyewe, kwa taarifa yako, si ziwa la ufa. Kina chake hakizidi sana mita 80. Lipo kwenye bonyeo lililoachwa baada ya kingo mbili kuinuka, na lilichofanya ni kukusanya maji tu. Usilitaje kwenye wasifu wako.

Hatua ya 3: Usizibe ufa. Binadamu wana methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Wao huisema kama onyo. Kwako ni ramani ya ujenzi. Vuta bara pande mbili, litapasuka kwa mistari ya ubavuni, na kipande cha katikati kitakosa pa kushika na kuanza kudidimia. Kila kinaposhuka, pembeni panabaki ukuta. Simama Mto wa Mbu utazame juu kuelekea Karatu, au simama juu ya Mai Mahiu utazame chini, utauona ukuta huo ulivyo mrefu, na barabara zilivyolazimika kupinda mara ngapi kuupanda. Madereva wa malori yaliyofeli breki kwenye mteremko ule wanayo maneno yao kuhusu bamba la Somalia, hayachapishiki.

Endelea kudidimiza, kisha iachie mvua kazi ya kujaza. Ziwa Tanganyika limefikia kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal huko Urusi, ambalo nalo ni ziwa la ufa. Uso wa Tanganyika uko juu mlimani, mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, lakini sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa huo. Mvuvi wa dagaa wa Kigoma anayetandaza nyavu zake usiku kwa taa anaelea juu ya shimo ambalo hata bahari ingelionea haya.

Hatua ya 4: Nenda polepole, kisha ghafla. Kaskazini, upande wa Ethiopia, Nubia na Somalia zinaachana kwa takriban milimita 6 kwa mwaka. Kadiri unavyoshuka kusini mwendo unapungua, kwa sababu bamba la Somalia linazunguka kidogo huku likiondoka. Kwa mwendo huo wa kaskazini, mtu akiishi miaka 70 atakuwa ameshuhudia karibu dhiraa moja ya bahari mpya, yaani sentimita 42, na hakuna aliyekuja kumwambia.

Hata hivyo, milimita hizo 6 ni wastani. Ardhi haisogei kila siku kidogo kama mtu anayelipa mchezo wa upatu. Inabana deni, kisha inalipa mkupuo. Julai 2007, chini ya mlima Gelai karibu na Ziwa Natron, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilijichomeka ardhini kama kabari ikapanua ufa bila hata kutoka nje. Matetemeko yakafuatana kwa wiki kadhaa, kubwa kuliko yote la 5.9 tarehe 17 Julai, yakasikika Arusha, na Nairobi watu wakashuka ngazi za maghorofa mbio na simu mkononi. Miaka miwili kabla, Septemba 2005, huko Dabbahu katika jimbo la Afar, Ethiopia, ufa wa urefu wa kilomita 60 ulifunguka, mahali pengine kwa mita 8, ndani ya wiki chache. Hiyo ni akiba ya karne kadhaa iliyotolewa benki mara moja. Wafugaji waliokuwa hapo waliona majivu, wakahamisha mifugo.

Hatua ya 5: Weka volkano zenye tabia. Zipo za kawaida, na zipo za kukupa jina. Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, hutoa lava ambayo hakuna volkano nyingine hai duniani inayoitoa: lava ya kaboneti yenye magadi, joto lake nyuzi 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya lava nyingine. Ikitoka ni nyeusi na nyepesi, inatiririka kama mafuta machafu ya gari. Ikishakutana na unyevu wa hewa huanza kupauka, na baada ya muda mfupi ni nyeupe. Mgeni anayeuona mlima kwa mbali hudhani una theluji. Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, na hawakuhitaji maabara kujua kwamba si mlima wa mchezo.

Nyiragongo huko Kongo ni tabia nyingine. Lava yake ni nyepesi na ina mbio, na Goma iko chini yake. Januari 2002 iliupitia mji katikati, na Mei 2021 ikarudi hadi pembezoni mwake. Hapo mlangoni Ziwa Kivu limehifadhi kilindini kaboni dioksidi na methani nyingi mno, na Rwanda imeanza kuivuta methani hiyo kuzalisha umeme. Kukaa kati ya volkano na ziwa la gesi si ujinga wa watu wa Goma. Udongo unazaa, ziwa lina samaki, na vita vimewafungia njia nyingine. Bamba lenye heshima halicheki hapa.

Hatua ya 6: Iite bahari, lakini usiipangie tarehe. Tazama waliokutangulia. Uarabuni iliiaga Afrika, na mapengo yaliyobaki leo ni Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Mahali mapengo hayo mawili yanapokutana na ufa wetu ndipo Afar, na sehemu za Danakil tayari ziko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, zimekauka na zimejaa chumvi. Maji yanasubiri mlango tu. Yatasubiri muda mrefu.

Madagaska ilianza kuondoka Afrika zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, ikafanikiwa. Baadaye India ikaiacha Madagaska ikakimbilia Asia, na yaliyoipata huko tumeshayasoma. Lakini wapo waliokata tamaa. Kaskazini mwa Kenya, kutoka upande wa Lamu kuelekea Turkana, upo ufa wa Anza, uliovutwa zama za dinosaria, ukadidimia vizuri, kisha ukaachwa. Umefukiwa na mchanga wa mamilioni ya miaka, na ngamia wanapita juu yake. Mradi uliosimama katikati si aibu ya serikali peke yake.

WAPANGAJI WAKO

Wakati ukiendelea na kazi, utagundua kwamba mgongoni mwako wanaishi watu. Hawalipi kodi, na wana mazoea manne unayopaswa kuyajua.

La kwanza, wanachora mipaka juu ya mpaka wako. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani, wakiwa Berlin, walikubaliana wapi pa kugawana Ziwa Nyasa, ambalo hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akioga humo. Tanzania husema mpaka upite katikati ya maji, Malawi husema maji yote ya upande huo ni yake mpaka ufukwe wa Tanzania, na mwaka 2012 mzozo ulipamba moto baada ya Malawi kuruhusu utafutaji wa mafuta. Kilichowakutanisha ni shimo ulilolichimba wewe, na bado unalipanua. Hakuna hata upande mmoja uliokuita shahidi.

La pili, wanapata faida na hawakushukuru. Wanavuna kahawa na ndizi kwenye ardhi ya majivu ya volkano. Wanachota magadi Ziwa Magadi, na mama anayepika makande anayatia sufuriani ili mahindi yaive upesi. Olkaria, karibu na Naivasha, wamechimba visima vya mvuke, mtambo wa kwanza ukawashwa mwaka 1981, na leo zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya ni jotoardhi. Malalamiko hayakosekani. Maji ya miamba hiyohiyo yana madini ya floridi kupita kiasi, na ndiyo sababu vijiji vingi vya kuzunguka mlima Meru na Arusha vimelea vizazi vya watu wenye meno ya kahawia, ambao wakifika Dar es Salaam huulizwa kama wanapiga mswaki. Hilo, kwa kweli, unapaswa kuliomba radhi.

La tatu, wana kiherehere. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilikatika na korongo likafunguka mashambani. Kabla matingatinga hayajafika kulijaza mawe, dunia nzima ilikuwa imeshatangaza kwamba Afrika inapasuka, na ramani zenye bahari katikati ya Kenya zikazunguka kwenye simu. Wanajiolojia wengi walisema jambo la kuchosha zaidi: udongo wa pale ni majivu mepesi ya volkano, chini yake kuna nyufa za zamani, maji ya mvua yameusomba. Wewe ulikuwa umechangia milimita zako kama kawaida. Lakini maelezo ya mvua na majivu hayasambazwi na shangazi kwenye kundi la ukoo.

La nne ndilo zito. Wanaogopa bahari ya miaka milioni kumi ijayo, na hawaogopi nyumba wanayolala leo. Tarehe 13 Desemba 1910, Rukwa ilitikiswa na tetemeko la 7.4, kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki. Wakati huo watu wengi wa huko walilala kwenye nyumba za miti na nyasi, vitu ambavyo vikianguka unavisukuma ukatoka. Tarehe 10 Septemba 2016, Kagera ilitikiswa na la 5.9 tu, ambalo kwa nguvu halifiki hata sehemu ya mia ya lile. Bukoba na vijiji vyake vikapoteza watu zaidi ya 15, na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka, nyingi zikiwa za matofali yaliyopangwa juu ya tope, bila nguzo, bila lenta. Uturuki, tarehe 6 Februari 2023, yalipiga mawili kwa siku moja, la 7.8 na la 7.5, zaidi ya watu 50,000 wakafa nchini humo, na baadaye wakandarasi wakaanza kukamatwa. Nchi hiyo ilikuwa na kanuni nzuri za ujenzi kwenye karatasi. Mwaka 2018 ilikuwa imetoa msamaha kwa majengo yaliyokiuka taratibu: unalipa, unapewa cheti, ghorofa linabaki.

Kwa hiyo mpangaji uliyeahidiwa sehemu yako, hii hapa, na ni fupi. Ukijenga kwenye ukanda huu, simama na fundi siku ya kusuka nguzo. Tazama ringi, zile pete za nondo zinazozunguka nondo za wima. Zikaribiane, hasa pale nguzo inapokutana na boriti, maana hapo ndipo tetemeko linapouma kwanza. Ncha za kila ringi zikunjwe ziingie ndani kabisa ya zege. Zikikunjwa nusu nusu zitafunguka siku ya siku, na nondo za wima zitatoka nje kama mbavu. Funga lenta izunguke kuta zote bila kukatika kwenye kona. Usikubali mchanga wenye chumvi, na usikubali fundi akuambie kwamba mfuko mmoja wa saruji unatosha mikokoteni mitano. Hayo hayahitaji profesa wala setilaiti. Yanahitaji uende saiti ukiwa umevaa viatu vya kuchafuka, na uwe tayari kuitwa msumbufu.

Na wewe bamba, endelea na milimita zako. Siku wapangaji watakapokuja kukushtaki, usijitetee. Omba wakuonyeshe risiti ya nondo.